Pampu Iliyokwama Siku za Ijumaa

Kwa miaka kadhaa nilikuwa narudi nyumbani nikiwa mtamu. Sisemi kwa majivuno. Kola ya shati ilikuwa tamu, nywele zilikuwa tamu, na mke wangu akigusa nguo zangu kisha akalamba kidole alijua kama siku hiyo tulifanya kazi au tulishinda tumekaa. Sisimizi wa chumba chetu cha kupanga pale Ilala waliijua saa yangu ya kurudi kuliko majirani. Miaka hiyo sukari ilikuwa ya foleni na ya kuambiwa njoo kesho, nami napita kando ya foleni hiyo asubuhi na unga wa glukosi bado uko masikioni. Watu walinitazama kama mwizi. Sikuwa mwizi. Nilikuwa fundi mitambo, na nilikuwa nimechoka.

Kiwanda chetu kilikuwa ghala la zamani katika vichochoro kati ya Kariakoo na Mchafukoge. Zamani lilikuwa mali ya mfanyabiashara mmoja, kisha likawa mali ya umma, yaani letu sote, ingawa funguo alikaa nazo meneja. Magunia ya glukosi yalitoka bandarini, sisi tukaigawa katika pakiti ndogo za hospitali na zahanati. Hiyo ndiyo kazi, hakuna zaidi. Ukiwa na mgonjwa wa kuharisha wodini, pakiti yetu ilikuwa na maana. Ukiwa fundi wa kiwanda, pakiti ilikuwa na pampu nyuma yake, na pampu ndiyo iliyokula maisha yangu.

Ilikuwa pampu ya kuvuta hewa. Ilifyonza hewa kwenye bomba, na hewa hiyo ikaubeba unga kutoka kwenye gunia mpaka juu kwenye pipa kubwa la mashine ya kufungasha. Ndani yake mlikuwa na rota mbili nene za chuma zilizozungukana bila kugusana, na bila kuigusa nyumba ya pampu iliyozizunguka. Nafasi iliyobaki kati ya chuma na chuma ilikuwa nyembamba kuliko karatasi ya daftari. Ikiwa pana, hewa inarudi ilikotoka na unga haupandi. Ikiwa nyembamba, unga ukiingia tu inakwama. Na unga lazima uingie, maana kitambaa cha kuchujia kilikuwa kimechakaa na kipya hakikuwepo. Vipuri havikuwepo. Neno "havipo" nilikuwa nalisikia mara nyingi kuliko jina langu.

Nilifika hapo kijana, nimetoka chuo cha ufundi, nimezaliwa kule mlimani kwenye migomba na baridi, na kichwani nina picha za mitambo mipya ambayo hatukuwa nayo. Aliyeniendeshea pampu alikuwa mzee wa upande wa Lindi, mtu mfupi, mkimya, aliyekuwa hapo tangu enzi za yule mwenye ghala. Alibakiza miaka miwili kustaafu. Mimi nilikuwa msimamizi wake, naye umri wake ulikuwa wa baba yangu. Asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo mzee," naye, "Marahaba mwanangu," halafu mimi ndiye niliyempangia kazi. Tulizoea. Nchi nzima ilikuwa inajizoeza mambo ya namna hiyo.

Siku za kawaida tulikula kwa zamu na pampu haikusimama mpaka jioni. Jioni tuliimiminia maji ya moto ingali inazunguka, glukosi ikayeyuka, chuma kikakauka mpaka asubuhi. Siku ya Ijumaa ilikuwa na mambo yake. Wengi kiwandani walikuwa Waislamu wa pwani na wa kusini, kwa hiyo saa sita na robo mashine zote zilizimwa, watu wakanawa, wakaenda msikitini, na saa nane tukawasha tena. Muda wa kuiosha pampu na kuikausha haukuwepo. Ukiiwasha ikiwa na maji, inafyonza unga na kuukoroga uji.

Ijumaa moja, wiki zangu za kwanza, nilirudi kuchukua kofia yangu nikamkuta mzee yuko peke yake. Wenzake walishaondoka. Amevaa kanzu tayari, amekunja mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko, na mkono huo unaizungusha puli ya pampu, lile gurudumu la mkanda, polepole, robo mzunguko, anatulia, robo nyingine. Mkono wa kushoto una tasbihi. Kila akiisogeza puli anaachia punje moja. Midomo inacheza.

Nikajua nimeona nini. Hivyo ndivyo nilivyodhani. Mzee anaiombea mashine.

Nikamwambia, kwa adabu kabisa, maana nilikuwa na adabu, "Mzee, mashine haisomewi dua. Na huo mkanda, mtu akija akawasha kwa bahati mbaya, mkono wako unabaki hapo."

"Chuma chenye joto hakiachwi peke yake, fundi," akasema.

"Chuma si mgonjwa, mzee."

Akanitazama kidogo. Nilikuwa natabasamu, na nadhani aliona lile tabasamu kabla ya kuona kitu kingine. Akashusha mkono wa kanzu. "Haya, mwanangu. Wewe ndiye msimamizi." Akaenda msikitini, na kwa mara ya kwanza, nilikuja kuambiwa baadaye, alifika kabla ya hotuba kuanza. Mimi nikaandika ubaoni kwamba ni marufuku kuigusa pampu kwa mkono ikishazimwa. Nikachora na mstari chini yake.

Ijumaa iliyofuata pampu ikakwama.

Saa nane tuliwasha, mota ikanguruma bila kuzunguka, mkanda ukatoa moshi, tukazima. Nikaifungua. Kati ya rota na nyumba yake unga ulikuwa umegeuka pipi, kahawia, ngumu, nikaubandua kwa patasi mpaka jua linazama. Ijumaa ya tatu ikakwama tena. Ya nne ikaponea. Ya tano mota ikaungua, na waya wa shaba wa kuisukia upya, kama kawaida, haukuwepo. Wiki tatu kiwanda kikasimama. Watu wakashinda wamekaa kwenye magunia, wakicheza bao na kunitazama. Zahanati zikapiga simu. Meneja akaitwa wizarani, akarudi na sura ya mtu aliyetukanwa kwa Kiswahili fasaha.

Siku hizo hapakuwa na kitu kinachoharibika chenyewe. Kikiharibika, mtu amekiharibu, na neno lake lilikuwa hujuma. Lilianza kusemwa kwenye korido, polepole, halafu likakaa mezani. Kamati ikaundwa, watu watatu. Wakanitaka niandike ripoti.

Niliiandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri. Niliandika kwamba pampu hukwama siku za Ijumaa tu. Kweli. Niliandika kwamba wa mwisho kuigusa kabla ya kuzimwa ni mwendeshaji wake, nikaandika jina lake. Kweli. Kisha nikaongeza sentensi moja, kwa sababu chuo kilinifundisha kwamba fundi haachi jambo nje ya ripoti: kwamba mwendeshaji huyo amewahi kuonekana akiishikashika pampu baada ya kuzimwa, watu wote wakiwa wameondoka. Nayo ilikuwa kweli. Nimeishi na ile sentensi muda mrefu kuliko nilivyoishi na wazazi wangu.

Kamati ilikaa katika ofisi ya meneja, dirisha wazi, kelele za soko zikiingia. Mzee alisimama. Nilipewa kiti, nikakaa, na hilo pia silisahau. Mwenyekiti akamuuliza, "Ni kweli ulikuwa unaishika hii pampu ikishazimwa?"

"Kweli."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Naizungusha ipoe."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Ndivyo nilivyokuwa nafanya tangu enzi za mwenye ghala."

"Na sasa unaendelea?"

"Hapana. Niliambiwa niache."

Hakusema aliambiwa na nani. Akageuza shingo akanitazama, wala si kwa hasira. Alikuwa ananipa nafasi. Ningesema neno moja tu, kwamba nilimkataza mimi, na kwamba pampu ilianza kukwama baada ya hapo. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nina mtoto mchanga, nina chumba cha kupanga, na kwenye korido kuna lile neno linatafuta pa kukaa. Nikatazama karatasi yangu. Mwenyekiti akaandika kitu. Kule nje mtu alikuwa ananadi nyanya.

Akaachishwa kazi mwezi huohuo. Si kwa hujuma, hawakuwa na ushahidi. Barua ilisema uzembe. Lakini mtaani hakuna anayesoma barua. Mtaani alikuwa yule mzee aliyeharibu mashine ya dawa za watoto, na watoto wa watu walikuwa wanaumwa kweli. Akahama Kariakoo, akavuka maji kwenda Kigamboni alikokuwa na kishamba cha muhogo. Nilisikia hivyo. Sikwenda kuaga.

Nikabaki na pampu, na pampu haikujua kama kamati imeshamaliza kazi. Iliendelea kukwama.

Hapo ndipo nikaanza kuibuni upya, kama mtu anayejenga nyumba juu ya kaburi. Kwanza nikaweka vitambaa viwili vya kuchujia, amerikani juu ya amerikani. Unga ukapungua ndani ya pampu, lakini hewa ikakosa nguvu na unga haukupanda. Nikavitoa. Kisha nikazipiga rota tupa ili nafasi iongezeke, siku mbili nasugua chuma mpaka mabega yanakataa kubeba shati. Pampu haikukwama, ila haikuvuta pia. Ilikuwa inazunguka tu, kama baadhi yetu. Ikabidi niende mtaa wa Gerezani kumbembeleza fundi mmoja mwenye mashine ya kukereza anijazie chuma upya, na kwa hilo nilimtengenezea redio yake bila kujua lolote kuhusu redio.

Kilichosaidia kidogo ni mifereji. Nilichonga mifereji myembamba kwenye ncha za rota, kingo zake kali, ili kila rota ikipita iukwangue unga ulioganda ukutani badala ya kuukandamiza, na unga uliokwanguliwa upate pa kukaa mpaka utoke na hewa. Halafu nikatoboa tundu nikaweka bomba dogo lenye koki. Dakika kumi kabla ya kuzima, unafunga njia ya unga na kufungua koki, hewa safi inapita na kusafisha tumbo la pampu. Haya nayaeleza kwa ufupi. Yalichukua miezi, na kila jaribio lilikwenda na Ijumaa yake. Siku nyingine za wiki mashine ilinyamaza kama mtoto aliyeshiba. Ijumaa saa nane tulisimama wote tukiitazama swichi, na aliyepewa kuiwasha alisema bismillahi, hata awe Mkristo. Mara mbili kati ya tatu ikazunguka. Ya tatu ikakwama.

Siku moja nikaamua kubaki nayo. Wenzangu walikwenda msikitini, Wakristo wakaenda kula, mimi nikavuta gunia nikakaa karibu na pampu. Ilikuwa imezimwa sasa hivi, joto linatoka mwilini mwake. Baada ya dakika chache nikasikia inalialia, tik, tik, chuma kinavyofanya kikipoa. Nikaweka kiganja juu ya nyumba ya pampu: imeshaanza kuwa vuguvugu. Nikachungulia bombani nikazigusa rota: bado zinaunguza.

Nikalifikiri hilo. Nyumba ya pampu ni nyembamba na iko nje kwenye upepo, inapoa kwanza. Ikipoa inasinyaa. Rota ziko ndani, nene, bado zimevimba kwa joto. Kwa hiyo katika zile dakika ishirini za mwanzo nafasi, iliyokuwa nyembamba kuliko karatasi, inazidi kubana, na unga uliomo katikati unalainika, unakandamizwa, unaganda. Mota ikija kuwashwa saa nane inavuta mwamba. Mifereji yangu haikuwa na kosa, ila hukwangua pale tu rota inapozunguka. Rota iliyosimama haikwangui kitu.

Nikashika puli nikaijaribu. Ilikwenda kwa ulaini. Nikasubiri, nikaijaribu tena, ikawa nzito. Mara ya tatu nikaitia bega, ikagoma.

Basi kinachotakiwa ni mtu aizungushe taratibu wakati inapoa, ili kila nafasi ikipungua unywele mmoja rota ikwangue unywele mmoja. Robo mzunguko, utulie, robo nyingine. Kwa dakika ishirini hivi. Na kama huna saa mkononi, maana saa siku hizo walikuwa nazo mameneja, utapima dakika ishirini kwa kitu gani?

Niliziona zile punje zikianguka moja moja kwenye mkono wake wa kushoto. Nikaiachia puli nikaenda kujifungia chooni, nikalia. Mdharau mwiba, mguu huota tende, mama yangu alikuwa akisema, na mimi nilikuwa nimeudharau mwiba na mguu uliovimba ulikuwa wa mtu mwingine.

Nikatengeneza mpini. Nikauunganisha kwenye ekseli kwa namna ambayo ukiuchomeka, umeme unakatika, mkono wa mtu uwe salama. Hilo la usalama angalau lilikuwa langu. Nikaandika ripoti ya pili: mifereji, koki, mpini. Kwenye mpini nikaandika kwamba njia hii ilikuwa ikitumiwa na mwendeshaji wa zamani, nikataja jina, na kwamba nilimkataza mimi kwa kutokujua. Meneja akaisoma mara mbili. Hakuwa mtu mbaya. Akasema, "Ndugu, tukipeleka hivi tutaulizwa kwa nini tulimfukuza. Mimi nitaulizwa, na wewe utaulizwa." Akachukua kalamu akapiga mstari juu ya ile aya, akanipa nakala safi iliyopigwa taipu. Nikatia sahihi. Sikukuu ya wafanyakazi nikapewa cheti cha mfanyakazi mbunifu, nikapigiwa makofi, nikapeana mkono na watu wenye suti za mikono mifupi. Cheti kile sisimizi wameshakila pembe moja. Nadhani na chenyewe kilikuwa na glukosi.

Ilinichukua miezi minne mingine kufika Magogoni, kwenye kivuko cha Kigamboni. Ni mwendo wa miguu tu kutoka kiwandani. Nilipanda pantoni Jumapili moja baada ya ibada, nimesimama kati ya baiskeli na kuku, na njia nzima natunga maneno. Kule Kigamboni haikuwa vigumu kumpata, kila mtu alimjua. Waliponielekeza walisema, yule mzee wa pampu. Hata ng'ambo ya maji jina hilo lilimfuata.

Alikuwa anamenya muhogo kwenye kivuli cha ukuta. "Shikamoo mzee." "Marahaba, fundi. Karibu." Akanisogezea kigoda, akaendelea kumenya. Maneno yangu yote yakapotea. Nikamweleza vibaya, kwa kurudiarudia, kama mtoto: nyumba ya pampu inapoa kwanza, rota bado zina joto, nafasi inabana, ulikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekukataza, kwenye kamati nilinyamaza. Na cheti nikamwambia. Kusema kweli, nilitaka anitukane.

"Inazunguka sasa?" akauliza.

"Inazunguka. Mara mojamoja bado inabana siku za Ijumaa, sijui kwa nini."

"Nani anaizungusha?"

"Mimi mwenyewe."

"Unaizungushaje? Nionyeshe."

Nikaonyesha kwa mkono, hewani. Akatikisa kichwa. Akaweka kisu chini, akashika muhogo mmoja mnene kama ndio ekseli. "Unakwenda mbele tu. Ukienda mbele tu, unga unausukuma upande mmoja, unajazana pale. Mbele mara tatu, nyuma mara moja. Ukirudi nyuma unauachia." Akanishika kiganja kwa mkono wake uliokuwa unanata utomvu wa muhogo, akakizungusha: mbele, mbele, mbele, nyuma. "Polepole. Usiwe na haraka ya kwenda popote."

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia nitaandika barua. Nitaipeleka kwa meneja, akikataa nitaipeleka kwenye tawi la chama, akikataa wa tawi nitakwenda juu zaidi, na safari hii sitakubali ifutwe. Nitaandika kila kitu kilivyokuwa, nitaandika jina lake, watu wajue. Niliyasema nikimaanisha. Ningeiandika hata jioni ile.

Alikuwa ameshachukua kisu. Alimenya muhogo mmoja mpaka mwisho, akautia kwenye maji, ndipo akaniambia, kwa sauti ileile ya kunikaribisha.

"Jina langu ulishaliandika mara moja, mwanangu. Likanitosha."

Tulikula muhogo ule kwa nazi, tukaongea habari za mvua, akanisindikiza mpaka njia panda. Pampu haikukwama tena siku ya Ijumaa, kwa miaka yote niliyobaki pale. Mbele mara tatu, nyuma mara moja. Wadogo waliokuja baada yangu waliponiuliza nani alinifundisha niliwaambia ni mzee mmoja, nami nilimponza. Walisubiri niwatajie jina, nikawapa mpini. Hata hapa sikuliandika.